Mlio wa redio unaoanza wakati wa magharibi: nilivyoufuata hadi getini kwa jirani

Mkuu, umesema redio yako inashika mlio mzito kwenye kilohezi 200 na kitu, unaanza magharibi, unakatika alfajiri, hauna maneno wala muziki, na mtaani watu wameshaanza kusema kuna mtambo wa siri. Yalinikuta hayo hayo na nilihangaika karibu miezi miwili, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Zima redio kwanza, usikilize. Kama mvumo bado upo masikioni, hayo si mawimbi ya redio. Ni pampu, feni au transfoma, na msako wake ni mwingine kabisa.

Kama upo redioni tu, usihangaike kutafuta unasema nini. Angalia umetulia au unatembea. Kituo halali cha masafa ya chini hakihami. Mfano ni vituo vinavyotangaza saa: DCF77 ya Ujerumani iko kilohezi 77.5, MSF ya Uingereza na WWVB ya Marekani ziko 60, zote zinaongozwa na saa za atomiki na kupiga alama kila sekunde. Kwenye masafa yako hayo kuna pia minara ya kuongozea ndege, kati ya kilohezi 190 na 535 hivi. Hiyo hurudia herufi zake mbili au tatu kwa alama za Morse, usiku na mchana, bila kubadilika. Ukisikia nukta na vistari vinavyojirudia vile vile, umeshapata jibu.

Mlio wangu ulikuwa unatembea. Jioni ulianza kilohezi 254, na ndani ya dakika kumi ukawa umeshuka hadi 248, kisha ukatulia. Nikahamia mita za kati, nikaukuta tena 620, halafu 744, halafu 868. Toa namba moja kwenye nyingine: 124, tena 124. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama yake yuko kilohezi 124, chini kabisa ya pale redio yangu inapofika, na nilichokuwa nasikia ni watoto wake, yaani 124 mara mbili, mara tano, mara sita na mara saba. Hiyo ni tabia ya adapta za siku hizi, zile nyepesi zinazokatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hata zaidi ya laki moja. Kifaa kikipata joto, masafa yanahama. Mngurumo ulio juu yake unatoka kwenye umeme wenyewe: umeme wa hezi 50 huzaa mngurumo wa hezi 100.

Kuja usiku pekee hakutoshi kuwa ushahidi. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi haya hutoweka, na vituo vya mbali huanza kusikika. Ila kituo cha mbali huja taratibu, kinapanda na kushuka. Mlio wangu uliingia ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi. Huo mwanzo wa ghafla ndio ulionipa uhakika kwamba chanzo kiko karibu.

Anzia kwako. Washa redio ya betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba nzima. Watu wengi hugundua hapo kwamba mkosaji ni chaja au inveta yao wenyewe. Kwangu mlio haukupungua hata kidogo, nikatoka nje.

Nje nilipoteza wiki mbili kwa kosa moja: nilifuata ukali wa sauti. Nyaya za umeme huubeba mlio mtaa mzima na kuutoa upya kila zinapopita, kwa hiyo chini ya nguzo yoyote redio inanguruma. Nilishaamini kabisa kwamba nguzo ya kona ndiyo mbovu. Achana na ukali, tafuta ukimya. Ndani ya redio ndogo kuna kijiti cheusi cha feraiti (kauri ya sumaku, ndiyo antena yake), mara nyingi kimelala kwa urefu wa redio. Ncha yake ikielekea kwenye chanzo, sauti inazama. Nilisimama uwanjani, mbali na nyaya, nikaishika redio ikiwa imelala na kuizungusha polepole sana. Mlio ulikuwa mnene, ukawa mwembamba, kisha kwenye upenyo mdogo kama upana wa vidole viwili ukafifia karibu kuisha. Nikachora kwenye karatasi mstari wa uelekeo huo wa kijiti. Mstari mmoja hauwezi kukuambia kama ni mbele au nyuma, kwa hiyo nikaenda upande wa pili wa uwanja nikachora mwingine. Mistari hiyo miwili ikakatana getini kwa mzee jirani, kwenye taa ya LED inayojiwasha giza likiingia.

Sikwenda na lawama. Nilienda na redio. "Shikamoo mzee, naomba usikilize kitu." Akasikia mngurumo, akazima taa mwenyewe, pakawa kimya. Akaiwasha, ukarudi. Akarudia mara tatu, uso umejaa mshangao, kwa sababu hata yeye redio yake ilikuwa inamsumbua na alidhani imekufa. Tulizungusha waya wa taa mara tisa kwenye pete ya feraiti, mlio ukapungua ila haukuisha. Ulikoma siku alipobadilisha taa.

Kama mistari yako itakutana kwenye nguzo au boksi la mita, usiguse wala usigonge chochote. Peleka taarifa kwa wenye umeme, au kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako.

Leo jioni andika dakika mlio unapoingia, halafu masafa yake kila baada ya dakika mbili kwa nusu saa, na kila sehemu nyingine unapoukuta kwenye redio. Ziweke namba hizo hapa, tuzitazame pamoja kabla hujatoka kwenda kwenye geti la mtu.