Saikolojia ya onlaini ilinitandika, nakwambia wewe kabla hujaanza

Juzi usiku nipo brek kazini ikaingia meseji WhatsApp, "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, namba yako nimepewa na shangazi. Agosti naanza koleji na nimechukua saikolojia ya utangulizi ya onlaini maana wameniambia ndo kozi rahisi kuliko zote, naomba ushauri nijiandaeje." Nikamjibu marahaba mdogo wangu, halafu nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini. Eti rahisi! Hilo neno limenilia semesta nzima na hela ambayo mpaka leo nikiikumbuka roho inauma, kwa hiyo nimeona niandike hapa niseme mara moja, maana sio wa kwanza kuniuliza.

Mimi nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Kama wabongo wengi huku nilikuwa na ndoto ya unesi, na kabla hawajakupokea unesi wanataka kwanza umalize masomo ya awali, anatomia, maikrobaiolojia, takwimu na hiyo saikolojia. Anatomia niliiogopa kwa hiyo nikaisoma kama kichaa. Saikolojia nikaidharau. Nikasema mimi nimelea wadogo zangu wanne, nimeishi na mama wa kambo, kila usiku natukanwa na wazee wenye hasira za kila aina, nani atanifundisha tabia za watu? Nikajisajili ile ya wiki 8 badala ya 16 ili niitupe nyuma haraka.

Sasa sikia hesabu ambayo hakuna aliyenipigia. Kozi ni ya kredi 3, na huku kila kredi inahesabiwa saa 1 ya darasani na masaa 2 ya kujisomea kwa wiki, yaani kama masaa 9 kwa semesta ya kawaida. Ukiikamua iingie kwenye wiki 8 unakaribia masaa 18 kwa wiki. Mimi nilikuwa naipa manne, Jumapili, nikitoka kanisani, usingizi umejaa machoni.

Wiki ya kwanza tu nikapigwa. Kuna majadiliano, unaandika mada yako mwisho Jumatano saa sita usiku kasoro dakika moja, halafu unawajibu wenzako wawili mwisho Jumapili saa hiyo hiyo. Kwangu mimi saa hiyo nimeshaingia shifti kitambo, nipo na glavu mkononi nageuza mtu kitandani, kwa hiyo mara mbili nimekimbilia kwenye chumba cha brek nitume kwa simu na Wi-Fi ya pale ikakataa kufungua ukurasa. Na ile niliyowahi, nilimjibu mwenzangu "Nakubaliana na wewe kabisa, umeandika vizuri sana." Kwetu mtu akikusifia hivyo si unashukuru? Nikapewa 2 kwa 10. Kumbe walitaka hoja, mfano, na ulikoitoa hiyo hoja.

Mitihani nayo haikuulizi maana ya neno. Inakupa kisa kifupi uchague jibu. Nilishika kichwani kwamba uimarishaji hasi ni adhabu, si unasikia neno lenyewe "hasi", nikakosa maswali yote ya eneo hilo. Nilikuja kuelewa nikiwa kazini, ile kengele ya kitanda inalia mzee akitaka kushuka, inapiga kelele mpaka unafika unaizima, na ule utulivu unaoupata ndo unaokufanya kesho ukimbie tena. Kimeondolewa kitu cha kero, tabia ikaongezeka. Hicho ndicho uimarishaji hasi. Adhabu inapunguza tabia, hii inaiongeza. Usiku mzima nacheza na ile kengele na nilishindwa kuiona.

Katikati ya kozi nikapata 58 nikamwandikia profesa kumuomba msaada. Simtaji wala chuo sikitaji. Akanijibu mistari miwili, kwamba pengine kwa Kiingereza changu na ratiba yangu hii kozi sio ya wakati huu. Niliisoma nikiwa kituo cha basi saa moja na nusu asubuhi, baridi, nimevaa skrabu zina madoa ya juisi. Nikamaliza na D, na unesi hawapokei D. Dada yangu wa Maryland akasema "si nilikwambia." Hakuwahi kuniambia, lakini haya.

Nikapumzika semesta moja nikairudia, safari hii wiki 16. Nilipata A. Sio A kasoro, A.

Kilichobadilika ni kitu kimoja tu kikubwa na ndicho nataka mdogo wangu akishike: anza na sura ya 8. Kozi yetu ilitumia kitabu cha OpenStax, ni bure, unakipakua kihalali na wala huhitaji kusubiri darasa lifunguliwe. Kina sura 16 na ya 8 inahusu kumbukumbu. Mle ndani na kwenye somo hilo kwa ujumla unakutana na Mjerumani Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana kisha mwaka 1885 akachapisha jinsi mtu anavyosahau haraka mwanzoni. Unakutana na watafiti Roediger na Karpicke, 2006, waliogundua kwamba wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walioshinda ni wale waliosoma kisha wakajipima bila kuangalia. Jamani! Yaani somo lenyewe linakufundisha namna ya kulisoma, na mimi mara ya kwanza nilifika hapo wiki ya nne nimeshachanganyikiwa, nikapitisha kalamu ya njano ukurasa mzima nikajiona nimesoma.

Kwa hiyo mara ya pili nilifunga kitabu. Nasoma kurasa tano, nafunga, najirekodia kwa Kiswahili kama namwelezea mama yangu mdogo, nikikwama nafungua. Ukishindwa kulielezea kwa Kiswahili hujaelewa, umekariri tu Kiingereza.

Pale kazini kuna bibi ambaye kila baada ya dakika kama tano ananiuliza, "Mume wangu kashafika?" Jina langu hajawahi kulishika, lakini mpe kapu la taulo, anakunja kona kwa kona, anazipanga kama za dukani. Nilivyosoma habari za mgonjwa anayeitwa vitabuni H.M., aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo 1953 kwa ajili ya kifafa, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza kumbukumbu mpya, pande zote mbili na hakuweza tena kushika matukio mapya mpaka alipofariki 2008, lakini mikono yake ikajifunza kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo ingawa kila siku alidhani ndo mara ya kwanza, nilisimama mlangoni nikamwangalia yule bibi na taulo zake. Ugonjwa sio ule ule, najua. Ila swali la mtihani wa mwisho nililijibu nikimuona yeye.

Mengine ni ya kawaida. Silabasi ikitoka andika tarehe zote kwenye karatasi ubandike kwenye friji. Tuma kazi kabla ya kwenda kazini, usisubiri dakika ya mwisho. Mitihani ya kamera, ile unayofanya ukiwa unaangaliwa kwa kamera, inataka laptopu, simu haifai, jaribu ile programu siku mbili kabla. Na anza mapema. Narudia, anza mapema, maana nyie watoto wa siku hizi mnapenda njia za mkato, mtu anampa roboti amwandikie majadiliano halafu analia kaitwa ofisini. Mungu amekupa akili na nafasi ambayo wenzako kule nyumbani wanaililia, unamwachia roboti?

Ile imeili ya profesa sijaifuta. Nimeiwekea nyota.

Mdogo wangu, kama umechukua ya wiki 8 kabadilishe kesho asubuhi, bado mapema. Halafu nirekodie sura ya 8, nusu tu, kwa Kiswahili, unitumie. Natoka kazini saa moja, nitakusikiliza kwenye basi.