Nifungue TikTok, Insta au nibaki WhatsApp? Maswali ya wasomaji wafanyabiashara

SWALI: Asalaam alaykum. Mi ni mama wa nyumbani hapa Ngamiani, Tanga, asubuhi nauza mahamri na mkate wa kumimina, jioni natengeneza visheti na kashata. Wateja ni majirani na watu wa maofisini. Mwanangu karudi chuo kaniambia biashara bila mtandao imekufa, kanifungulia Facebook, Instagram, TikTok na X siku moja, simu yenyewe moja, bando la kuunga unga. Nachoka na mteja mpya sijamuona. Nishike ipi niache ipi?
– Mama Visheti

JIBU: Waalaykum salaam mama. Mwanao nia yake nzuri ila kakupa kazi ya watu wanne. Mi ningeanza na sinia kabla ya simu, maana unauza vitu viwili ambavyo havifanani kabisa. Mahamri na mkate wa kumimina ni vya kuliwa leo, anaenunua ni mtu anaeweza kufika kwako kwa mguu au kupelekewa na bodaboda, sasa hata ukipata mafoloa elfu kumi kama wako Mwanza watakugongea like tu na mahamri yatalala. Visheti na kashata vinakaa, vinafungwa vizuri, vinapanda basi asubuhi na jioni mtu wa Dar keshapokea. Kwa iyo kila bidhaa na mtandao wake.

Ya mahamri ni WhatsApp, basi. Pakua ile ya biashara, WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi unaweka picha na bei (inabeba hadi bidhaa 500, wewe unazo nne tu), na ina ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa umeshika mwiko. Ila namba moja haikai WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja, so ama uihamishe hiyo hiyo ama utafute laini nyingine. Alafu kila anaenunua mwambie asevu namba yako na wewe msevu, maana stetasi inaonekana na watu mliosevuana, na inakaa masaa 24 tu inafutika, ambayo kwa mahamri ni sawa kabisa kwa sababu mahamri ya jana nani anayataka? Iposti usiku watu wakiwa wanapanga kesho watakula nini ofisini, oda uzipokee kabla hujakanda unga, hapo hata hasara ya kubakiza inapungua.

Visheti ndo vipeleke TikTok. Kule video inaweza kusukumwa kwa mtu asiekufoloa wala kukujua, na visheti vina mambo mengi ya kuonyesha, unavyokata, vinavyoingia kwenye mafuta, sukari inavyoshika. Kama hupendi sura yako ionekane, na wamama wengi wa huku hawapendi, rekodi mikono tu na sauti. Taja Tanga kwenye video na namba ya WhatsApp iwe kwenye profaili. Video hiyo hiyo tupia na Instagram. Insta na Facebook ni za kampuni moja, Meta, hao hao wenye WhatsApp, ukiziunganisha posti inaingia kote kwa mpigo, so hizo mbili usizifute ila usizihangaikie. X achana nayo, ilifungiwa nchini Mei 2025, na hakuna mteja wa kashata atakaewasha VPN (app ya kupenya mtandao uliofungiwa) kukutafuta wewe.

Sasa kuna huu ugonjwa wa "bei njoo inboksi", jamani tuuache!! Mtu kaona visheti usiku, mate yanamtoka, unamwambia aje inboksi, anakuja wewe umelala, asubuhi kashanunua kwingine. Andika bei, andika na nauli ya basi ni ya nani. Hela ipokee kwa lipa namba na uangalie salio lako mwenyewe kabla ya kutuma mzigo, skrinshoti za miamala siku hizi watu wanazitengeneza.

Alafu weka daftari pembeni, kila mteja mpya muulize kanijulia wapi, mwisho wa mwezi hesabu. Mtandao ambao haujaleta hata mmoja mwachie mwanao acheze nao.

SWALI: Habari. Natembeza wageni mjini Tanga na kwenye Mapango ya Amboni. Washkaji wanasema nikomae na TikTok, nikomae?
– Kijana wa Chumbageni

JIBU: Kama unataka Wabongo wanaotoka wikiendi, sawa, komaa. Ila mgeni wa Ulaya anapanga safari akiwa kwao na wengi wanaanza kwa kusachi Google, so jisajili huko kwanza, profaili ya biashara ni bure, na mgeni akiridhika muombe aandike maoni yake hapo hapo kabla hajaondoka, akishafika kwao anasahau. Insta iwe ya picha, maelezo kwa Kiingereza, bei wazi na kama kiingilio kimo au hakimo. Na namba yako iandike kuanzia +255, ukiandika 07 mgeni hajui hata aisevu vipi.