Hesabu vibao, ndipo utoe hela

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya mifano midogo ya chuma ya ndege, hasa jeti za kivita za mwanzo, ijueni ndege yenyewe kabla hamjaulizia bei. Mimi nilianza kinyume. Siku moja pale Memorial, Moshi, nikichambua mitumba ya watoto, nikaona MiG-15, jeti ya kivita ya Kisovieti, imelala katikati ya vigari visivyo na matairi. Muuzaji akaniambia, "Hiyo ya Mrusi kabisa, mzee." Nikalipa bila hata kuomba apunguze. Nilipofika nyumbani nikaisogeza dirishani: kila bawa lina vibao vitatu vilivyosimama juu yake. MiG-15 ina viwili. Niliyonunua ni MiG-17, mdogo wake. Sikulia sana, maana huo ndio ukoo wa zile F-5 za Kichina zilizowahi kurushwa na jeshi letu, ila nilijiona mjinga.

Tangu hapo nahesabu kila kitu. MiG-15 ina mizinga mitatu chini ya pua: mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Sabre ya Marekani ina bunduki sita, tatu kila upande. Me 262 ya Wajerumani, iliyoruka kwa jeti tupu Julai 1942, hubeba mizinga minne puani. Lakini mtihani ninaoupenda ni Vampire ya Uingereza. Sehemu ya mbele ya ndege halisi ilijengwa kwa mbao, plaiwudi na balsa, kwa hiyo pua yake ni laini kama yai. Ukikuta mfano wenye safu za ribiti puani, aliyechonga kalibu hakujishughulisha kuitazama ndege.

Vipimo navyo visikuchanganye. Kwenye mfano wa kipimo cha 1:72, chukua urefu halisi ugawe kwa 72. Mabawa ya Sabre yana kama mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha, basi mfano wako uwe karibu sentimita 16. Ukinunua kwa mtu wa mbali, mwambie aweke rula pembeni ndipo apige picha. Anayekataa, muache.

Sasa ugonjwa. Chuma hiki ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, na zamani madini ya risasi yakiingia humo kimakosa, mfano huoza kutoka ndani: huvimba, hupasuka, kisha humeguka. Hauna dawa. Niliwahi kuuziwa mfano wa zamani wa Meteor, jeti ya Uingereza, uliopakwa rangi nzito, nikadhani umetunzwa. Masika hayajaisha, bawa likabaki mkononi. Unyevu huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta unaofyonza maji. Na kwenye mfano wa zamani, pitisha ukucha mahali bawa linapokutana na kiwiliwili. Rangi mpya mahali hapo inaficha kitu.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya vipodozi (mke wangu bado anatafuta yake). Usishike ndege kwenye kile kijiti chembamba cha kupimia mwendo, ndicho huvunjika kwanza.

Ile MiG yangu bado iko kabatini. Kibandiko chake nilishakiandika kwa wino siku ile ile ya kununua, kwa hiyo 5 nimeikata, juu yake nimeandika 7.