CT imeona kidoti cheupe, mishipa "iko sawa", sasa MRI ya nini tena?

Swali: Dokta shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 24, kaanguka kifafa mara mbili. CT ikaonyesha kidoti cheupe kichwani, tukalipia na CT ya mishipa, ikaja safi. Sasa wanataka MRI. Si kutumalizia hela huku?

Jibu: Marahaba. Hapana, hapo hamjaibiwa. Kwa umri huo kitu kimojawapo ninachokiwazia ni kavanoma, yaani kifundo cha vimishipa vyenye kuta nyembamba vilivyoshikana kama tunda la forosadi. Damu humo inajikokota mno, na kipimo cha mishipa kinafuata dawa inayokimbia na damu, kwahiyo kavanoma inapita kimya kabisa, ripoti inaandikwa safi na mgonjwa bado anayo.

CT nayo inaona weupe tu, na weupe unaweza kuwa damu au chokaa, tena huku kwetu kuna lava (mtoto mchanga) wa tegu wa nguruwe, yaani mnyoo, akifia kwenye ubongo anaacha kidoti cha chokaa hivyohivyo na kifafa analeta vilevile. Sasa utatofautishaje?

Ndo MRI, kipimo cha sumaku, inapokuja. Kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI, kavanoma inakaa kama bisi, katikati madoa meupe na meusi yamechanganyika, halafu imezungukwa na pete nyeusi tii, ile pete ni chuma kilichobaki kwenye damu iliyovuja zamani. Kuna picha nyingine inaitwa SWI, hiyo kazi yake kunusa chuma, inakamata hata vile vidogo ambavyo T2 haikuviona. Ila msishtuke mkiona doa kubwa humo, SWI inakuza, saizi ya kweli tunapima kwenye T2. Yakionekana madoa mengi, semeni kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye kifafa au aliyevuja damu kichwani, maana ipo ya kurithi.

Wakimchoma dawa ya kontrasti, yaani ya kung'arisha mishipa kwenye picha, msikatae, pembeni ya kavanoma wakati mwingine kuna mshipa wa vena umetawanyika kama mbavu za mwavuli, na huo daktari wa upasuaji haugusi, ndo unaotoa damu ya ubongo wenye afya wa pale.

Na msiingiwe na hofu sana, karibu mtu 1 kati ya 200 anayo na wengi hawajui.

Kabla ya kulipa ulizeni kama mashine ni ya tesla 1.5 (nguvu ya sumaku) au zaidi na kama ina SWI, ikikosekana basi angalau T2 star, picha nyingine inayoona chuma. Na mbebe CD ya ile CT, sio karatasi ya ripoti peke yake.