Mpunga au gugu? Maswali ya wakulima wa majaruba

Msomaji wa Mbarali: Vibarua wamemaliza palizi, lakini naona miche inayofanana mno na mpunga imebaki. Nitaitambuaje?

Rangi isikupe uhakika, kwani hubadilika kwa mbolea na kwa maji. Ng'oa mche mmoja, uvute jani changa taratibu, kisha utazame pale linapoachana na ala inayolifunika shina: mpunga una utando mweupe, mwembamba na mrefu, ambao aghalabu umechanika ncha mbili, na kando yake vimasikio viwili vyenye nywele, ilhali gugu ambalo wataalamu huliita Echinochloa halina utando wala vimasikio, na mahali hapo ni patupu kabisa. Nasisitiza jani changa kwa sababu majani yaliyozeeka ya mpunga huweza kupoteza vimasikio vyake, ukaishia kung'oa mpunga wako mwenyewe.

Msomaji wa Mwea: Nilipandikiza kwa mistari. Mbona gugu hili limo ndani ya mstari, katikati ya mashina ya mpunga?

Yaelekea ulilipandikiza wewe. Huota kitaluni pamoja na mpunga, hung'olewa nao na kufungwa katika kitita kimoja, kwa hiyo ukaguzi nilioueleza unafaa zaidi kufanyika kitaluni, kabla ya miche kupelekwa shambani.

Msomaji wa Ahero: Je, maji yakituama hayaliui?

Inategemea aina na wakati. Echinochloa colona, ambayo ni fupi, haina miiba kwenye suke na mara nyingine ina mikanda ya zambarau kwenye majani, hupenda udongo wenye unyevu tu, na mbegu zake hushindwa kuchomoza chini ya maji yaliyotuama. Echinochloa crus-galli ni ndefu zaidi, mara nyingi suke lake lina miiba, nayo huvumilia maji ya kina kifupi. Likishachomoza juu ya maji, lolote kati ya hayo mawili litaendelea kukua. Sawazisha jaruba vizuri, maana vichuguu vinavyobaki juu ya maji ndivyo vinavyoota magugu kwanza.

Msomaji wa Kilombero: Na mpunga mwitu?

Hapo ukaguzi wa utando hausaidii, kwa kuwa nao ni jamii ya mpunga na utando unao. Subiri suke: punje zake huwa na miiba mirefu na hupukutika mapema, hivyo liking'olewa baada ya kukomaa, mbegu za msimu ujao zitakuwa zimekwisha kuanguka.