Maswali ya Wasomaji: Kupanda mnara wa taa wa Cordouan

SWALI: Binti yangu anasoma Bordeaux, Ufaransa, na mwezi wa saba atanipeleka kuuona mnara wa taa wa Cordouan. Nina miaka 61 na sijawahi kuiona bahari. Nijiandae vipi? Mama wa Ujiji, Kigoma.

JIBU: Mama yetu, shikamoo. Jambo la kwanza ni maji yenyewe, kwa kuwa sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika hatujazoea kupwa na kujaa. Mnara huo umesimama baharini, mlangoni mwa mto Gironde, na boti za watalii kutoka Royan au Le Verdon hufuata saa za maji kupwa, ambapo mara nyingi abiria hushuka na kutembea majini hadi mnarani. Vaa viatu vinavyostahimili maji, na uchukue nguo ya kubadilisha. Nafasi iwekwe mapema.

Ndani kuna vidato 301. Pandeni taratibu, mkipumzika katika kila ghorofa, na msiipite kanisa ndogo bila kuingia, kwa maana mnara huu uliokamilika mwaka 1611 ulijengwa kwa fahari ya jumba la kifalme. Juu kabisa, itazame taa kwa makini: hapa ndipo lenzi ya mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel ilipowashwa mwaka 1823, ikiukusanya mwanga uliokuwa ukitawanyika na kuuelekeza mbali, na mabaharia wa dunia nzima wakanufaika. UNESCO iliuorodhesha mnara huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2021, nami naona ilichelewa.