Nyanya bado za kijani na baridi imeanza: usiing'oe bustani yote

Dada, umeuliza kama ung'oe kila kitu hapo Minnesota, Marekani, kwa kuwa usiku wa Septemba umeanza kuwa wa baridi na nyanya bado hazijaiva. Usiharakishe, kila mmea una mpaka wake.

Mchicha ndio mwoga kuliko yote. Vuna wote sasa, jalidi (umande unaoganda kuwa barafu) ya usiku mmoja inaumaliza.

Nyanya kata ncha na maua mapya. Hayo hayana tena muda wa kuzaa, yanakula tu nguvu ya matunda yaliyopo. Utabiri ukitaja nyuzi 32 za Farenhaiti (sifuri ya Selsiasi, maji yanapoganda), chuma zote jioni hiyo hiyo. Zilizoanza kupauka zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu: ndizi hutoa gesi ya ethilini, nayo huivisha. Friji hapana, utamu unapotea. Zile ngumu kabisa ni za achari.

Sukuma wiki iache. Inavumilia jalidi, na baridi huiongezea sukari. Mimi naona ya Oktoba inaishinda ya Julai kwa mbali.

Tuta litakalobaki tupu, chomeka vitunguu saumu mwezi Oktoba, ufunike kwa majani makavu. Utavuna Julai.